Ghala la faili: mkalimani afundishwe, uhakiki usizimwe

Tangu Amazon ilipofungua S3, ghala lake la faili kwenye intaneti, mwaka 2006, makampuni mengi yameiga lugha yake. Mlangoni pa maghala yao wameweka programu inayofanya kazi ya mkalimani, kisha wakatangaza: «tunapatana na S3».

Mwanzoni mwa 2025, tangazo hilo lilipimwa. Amazon iligeuza programu zake za kupelekea faili: kila faili ikaanza kwenda na namba mpya ya uhakiki. Wakalimani kadhaa hawakuifahamu, wakakataa faili. Shauri likaenea: zima uhakiki huo, ama baki na programu ya zamani.

Kwa siku mbili tatu, sawa. Lakini hiyo si dawa. Namba ile ndiyo inayoonyesha kama faili imefika nzima. Anayetengeneza mlango aufundishe kuisoma, kisha ajaribu kupeleka faili na kuirudisha.

Nasi hapa Congo, tunaotunza vyeti na hesabu za biashara kwenye maghala ya mbali, tusiridhike na tangazo. Turudishe faili moja leo, tuifungue, tuone kama ingali nzima.