Konje bila tarehe si konje

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama munaobaki ku nyumba na hesabu ya mwisho wa mwezi, leo sitaongea juu ya mushahara. Nitaongea juu ya otele na motokari za kukodi kule pembeni ya bahari, kusini mwa Ufaransa. Musicheke kwanza. Somen​i mpaka mwisho, mutaona kama mambo hii inatuangalia sisi pia.

Mwezi wa sita niliitwa ku biro kwa mukutano wa madelege. Mukubwa wa personele alichelewa. Nikangojea pamoja na enjeniere mumoja Mufaransa, mutu wa heshima, tunasalimiana kila asubuhi. Alikuwa anatengeneza konje yake. Akageuza kompyuta ili nione: mji wa Nice, siku 14, yeye, bibi yake na batoto wawili. Otele aliishika tangu mwezi wa kwanza. Motokari, mwezi wa tatu. Tikiti za ndege alinunua hata mbele ya otele.

Nikamuuliza: "Na kama kazi inakukatalia kwenda?" Akaniangalia kama mutu asiyesikia vizuri ulizo. Kisha akajibu: "Tarehe yangu iliandikwa."

Siku ile ile, mukutano ulipoisha, rafiki yetu mumoja wa mashini ya kutoboa mawe alinifuata ku mulango. Alikuwa na karatasi ya kuomba konje mu mukono. Ilikuwa mara ya tatu wanamurudishia. Akaniambia: "Delege, banasema mwezi unakuya. Bibi yangu alishatuma habari ku Moba kwa mama yake. Sasa nitamwambia nini tena?"

Watu wawili, mugodi moja, siku moja. Mumoja anasema "tarehe yangu iliandikwa", mwingine anasema "mwezi unakuya". Tangu siku ile sijaacha kuwaza.

Wengi kati yetu wanafikiri tofauti ni makuta tu. Makuta iko, sikatai. Lakini angalieni namna ile safari inatengenezwa, mutaona kitu kingine. Ukitaka otele ku Nice, ku Cannes, ku Antibes ao ku Menton, ulizo la kwanza si "uko na makuta ngapi?" Ulizo la kwanza ni siku ya kufika na siku ya kuondoka. Bila siku hizo mbili hata bei hawakuonyeshi. Na bei yenyewe inafuata tarehe. Mwezi wa saba na wa nane, wakati kwetu Katanga baridi ya asubuhi inaluma, kule njo jua kali, masomo yamefungwa, Ufaransa nzima inashuka ku bahari. Chumba kile kile, kitanda kile kile, kinapanda bei. Mwezi wa tano ao wa tisa bei inashuka, na bahari ingali pale pale. Tena kuna bei mbili za chumba kimoja: ile ndogo, ambayo ukishalipa hawakurudishii hata ukigonjwa, na ile kubwa kidogo, ambayo unaweza kuvunja safari bila kupoteza. Mutu mwenye tarehe ya hakika anachukua ile ndogo. Mutu asiyejua kama mukubwa wake atamuachilia, hata angekuwa na makuta, analipa ile kubwa ao anabaki ku nyumba. Muone vile: kukosa tarehe, yenyewe ni kulipa.

Kuna vitu vingine vidogo enjeniere alinionyesha. Kodi ya mugeni, inayohesabiwa kwa kila mutu mukubwa na kwa kila usiku, mara nyingi inakuja juu ya bei ya chumba. Chakula cha asubuhi, otele nyingi zinakihesabu mbali. Mahali pa kulaza motokari, vilevile. Na ku Nice kwenyewe pembeni ya bahari ni mawe, hapana muchanga. Kama unataka batoto wacheze mu muchanga, ni kwenda ku Cannes.

Kisha akafungua kontra ya motokari. Sasa hapo nikasogeza kiti, juu kusoma kontra njo kazi yangu. Nikasoma ile ya maandishi madogo, kwa chini. Dereva awe na miaka 21 na zaidi, na permi yake iwe imetimiza mwaka moja. Akiwa chini ya miaka 25, anaongezewa bei. Karta ya banki iwe na jina la dereva mwenyewe, na juu ya karta hiyo wanafunga makuta ya rehani mpaka gari irudi. Asiransi iko ndani ya bei, lakini gari ikikwaruzwa, sehemu ya kwanza ya hasara unalipa wewe. Unataka sehemu hiyo ikuondokee? Ongeza makuta kila siku. Bibi naye anataka kuendesha? Ongeza. Utarudisha gari mu mji mwingine? Ongeza. Esansi: umepewa tanki imejaa, rudisha imejaa. Ndiyo maana mutu mwenye akili anazunguka gari mbele ya kuwasha, anapiga picha kila kikwaruzo, na muandikaji anatia mukono. Nikamwambia enjeniere: "Hii ni sawa na kontra ya kazi yetu. Bei kubwa ku ukurasa wa kwanza, mambo yenyewe ku ukurasa wa mwisho." Akacheka sana.

Nikamuuliza kama motokari ni lazima. Akasema hapana. Treni inafuata bahari kutoka Cannes mpaka Nice, Monaco na Menton, na mu miezi ile barabara inajaa, mahali pa kusimamisha gari ni gali. Yeye anataka gari siku tatu tu, kwa kupanda mu vijiji vya milima. Basi anakodi siku tatu, hapana 14. Ile pia nikaishika: kupanga ni kukata kitu ambacho hakina faida.

Sasa muniulize: Mufaransa alipata wapi ile tarehe iliyoandikwa? Hakuzaliwa nayo. Pembeni ya bahari ile ilikuwa ya matajiri peke yao. Walikuja wakati wa baridi ya kwao, Waingereza, Warusi, wafalme na malkia. Ndiyo maana barabara kubwa ya Nice inaitwa Promenade des Anglais. Malkia Victoria alipumuzika pale. Na sisi Wakongomani tulifika pale zamani, lakini hatukufika na miguu. Tulifika mu mufuko wa watu wengine. Mfalme Léopold II, wakati Congo ilikuwa mali yake mwenyewe, alinunua mashamba na majumba kule Cap Ferrat, karibu na Nice. Mpaka leo kuna jumba ku Villefranche linaloitwa Villa Leopolda, jina lake yeye. Wababu zetu walikatwa mikono juu ya mupira, yeye akanunua mahali pa kuangalia bahari. Kisha, mutoto wa inchi, Mobutu, naye akawa na jumba lake ku Roquebrune-Cap-Martin, pembeni ya Monaco. Mwisho wa 1996, wakati vita imeshawaka kwetu mashariki, yeye alikuwa kule anajipumuzisha na ugonjwa wake. Kwa hiyo musiniambie kama Côte d'Azur ni mbali na Congo. Makuta yetu yanajua njia.

Mufanyakazi wa Ufaransa yeye alifika pale mwaka 1936. Mwezi wa tano na wa sita wa mwaka ule walifanya mugomo mukubwa, wakalala ndani ya fabrike siku na usiku, na watu wa migodi ya makaa wakaingia mu mugomo vilevile. Tarehe 20 mwezi wa 6, sheria ikatoka: juma mbili za konje kila mwaka, na mushahara juu yake. Mwezi wa nane serikali ikaleta tikiti ya treni ya wafanyakazi, bei imepunguzwa 40 kwa mia. Watu ambao hawajaona bahari tangu kuzaliwa wakaiona. Kisha wakaendelea kudai: juma 3 mwaka 1956, juma 4 mwaka 1969, juma 5 mwaka 1982. Hakuna hata juma moja iliyoanguka kutoka mbinguni.

Na kitu kilichonigusa zaidi ni hiki. Kisha vita ya 1940, watu wa migodi ya makaa ya Nord na Pas-de-Calais, watu wenye vumbi mu kifua kama sisi, walipata nyumba yao ya konje kule La Napoule, karibu na Cannes. Si kambi ya mabati. Ni jumba la mawe, zamani lilikuwa la matajiri, linaitwa Agecroft. Kutoka kwao mpaka pale ni zaidi ya kilometre 1,000. Mutu anayechimba chini ya ardhi, bibi yake na batoto, wanafungua dirisha asubuhi wanaona bahari. Watu wale wale walifanya mugomo mwezi wa tano 1941 chini ya jeshi la Wajermani. Na mwezi wa 12 wa mwaka ule ule 1941, wababa zetu wa Union Minière walisimama hapa Lubumbashi kudai mushahara, wakapigwa masasi. Mwaka moja, migodi mbili, kilio kimoja. Wao walifika ku bahari. Sisi tulifika wapi?

Sheria yetu ya kazi ya 2002 inatupa siku 1 ya konje kwa kila mwezi muzima wa kazi, ni kusema siku 12 kwa mwaka, na inaongeza siku 1 kwa kila miaka 5 ya kazi ku kampuni moja. Mufaransa anapata siku 2 na nusu kwa mwezi. Siku 12 ni kidogo. Lakini hata hizo 12, nani anazipata zote, kwa tarehe anayoijua? Wengine wanarudishiwa karatasi mara tatu kama rafiki yangu. Wengine wanaambiwa siku ya ine "kesho kutwa uko mu konje", na mutu anakaa nyumbani kuangalia ukuta, juu hakutayarisha kitu. Na wale wanaoandikwa na kampuni ndogo zinazokodisha watu ku mugodi, kontra yao ni ya miezi mitatu, inaisha, inaanza tena, inaisha. Konje yao haizaliwi hata siku moja.

Na sisi wenyewe tuko na kosa letu. Wengine wanauza konje. Mwezi wa tisa unafika, masomo inadai makuta, mutu anasema: "Munilipe tu, nitaendelea kutumika." Namusikia, mimi pia ni baba. Lakini kifua hakiuzi konje. Mugongo hauuzi konje. Na kila mutu anayeuza siku zake anamufundisha mukubwa kama siku zetu ni kitu cha sokoni.

Najua kuna watakaosema: "Delege, watu hawana unga, wewe unaleta habari ya otele za Nice!" Sisemi mutu akope makuta aende Nice. Wetu wengi wanataka kitu kidogo sana: kwenda Moba ao Kalemie ku ziwa, kwenda Pweto, kumusalimia mama ku muji mbele hajakufa, kuonyesha batoto kaburi ya babu yao. Lakini safari ya Moba inaomba kitu kile kile safari ya Nice inaomba. Nafasi mu lori ao mu basi inashikwa mbele. Mama kule anafuga kuku ya wageni. Makuta inawekwa kidogo kidogo tangu mwezi wa kwanza. Na vyote vinaanza na ulizo moja: unafika lini, unaondoka lini?

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Moja: kila mwaka, mbele ya mwisho wa mwezi wa kwanza, listi ya konje ibandikwe ku ukuta, jina na tarehe, la enjeniere na la mutu wa mashini, karatasi moja. Mbili: mukubwa akibadilisha tarehe ya mutu, aandike sababu na tarehe mpya siku ile ile, "mwezi unakuya" si tarehe. Tatu: makuta ya konje ifike mu mukono mbele mutu hajaondoka, hapana kisha amerudi. Ine: miezi ya kontra ndogo ndogo ihesabiwe pamoja, juu mutu ni yule yule na mugodi ni ule ule.

Haya hayaombi kampuni ijenge jumba pembeni ya bahari. Yanaomba karatasi na bike.

Rafiki yangu wa mashini, mpaka ninapoandika hivi, hajaenda Moba. Enjeniere alishaenda, alisharudi, uso umekuwa mwekundu ya jua, akaniletea picha ya bahari. Nimeiweka mu kitabu changu cha mikutano. Mukutano unaokuja nitaiweka juu ya meza, na pembeni yake ile karatasi iliyorudishwa mara tatu. Ninyi pia, kila mumoja ahesabu siku zake anazodai, aziandike, amuletee delege wake. Na wamama, muwaulize waume wenu leo jioni: tarehe yako ni gani?