Kimya cha Ella



Binti yangu alileta kitabu kutoka maktaba, nami nikakisoma kabla yake, kama ilivyo ada yangu. Nimekimaliza nikiwa na moyo wa pande mbili. Ni *Ella Enchanted*, riwaya ya Gail Carson Levine wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1997. Ni kisa cha Cinderella kilichosimuliwa upya.

Cinderella wa zamani hutumwa na mama wa kambo akatii, wala hatuambiwi kwa nini. Levine ametoa sababu. Ella alipozaliwa, kiumbe mwenye nguvu za ajabu aitwaye Lucinda alimtunuku utiifu. Tangu siku hiyo, kila aamriwalo hana budi kulitenda. Akijizuia, mwili humuuma na kichwa humzunguka. Hattie, binti wa mama wa kambo, akaitambua siri hiyo. Akamnyang'anya mkufu wa marehemu mamake, kisha akamwamuru amwache rafiki yake wa dhati.

Niseme yaliyonikera. Ella na mwana wa mfalme huandikiana barua za mapenzi bila kupitia kwa wazee, na hukutana faragha. Mwandishi ameyapamba mambo hayo hata msichana mdogo akadhani ndiyo njia njema ya kumpata mume. Mimi siioni hivyo, na binti yangu nimemwambia.

Hata hivyo, mwisho wa kisa umenigusa. Kijana anamtaka Ella amuoe, naye anampenda mno. Lakini anajua kwamba adui akimwamuru amdhuru mumewe, atalazimika kutii. Kwa kumhofia kijana huyo, anajikaza hadi anatamka "la". Hapo kifungo kinakatika. Anapokubali baadaye, anakubali kwa hiari yake.

Binti yangu alipofika hapo aliniuliza: "Mama, Ella angeulizwa na kadhi kabla hajafunguliwa, akanyamaza, je, kimya chake kingekuwa ridhaa?"

Nilisita. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanamwali aombwe idhini, na kwamba kimya chake ndiyo idhini yake. Nikamjibu kwamba hicho ni kimya cha haya, cha mtu ajuaye kwamba akikataa atasikizwa. Kimya cha mwenye hofu ni kingine.

Jibu hilo limenirudia mwenyewe. Ni mara ngapi tumemsifu binti "asiye na neno", tukaona malezi yametimia? Je, tumewahi kumpa nafasi ya kusema "la" katika jambo dogo, ili aweze kulisema katika kubwa?

Kitabu tumekibakisha nyumbani, tukisome pamoja na kuyajadili yasiyofaa. Nami nimeweka nia: siku posa itakapokuja, inshaAllah, nitamuuliza mwanangu mara mbili. Mara moja mbele ya wazee, na mara moja tukiwa wawili tu, mlango umefungwa.

Wabillahi tawfiq.