Kosa la Kalamu Lisimnyime Mtu Haki

Wako ndugu zetu wa Visiwani wafanyao biashara Dar es Salaam, na huko huwapasa kulipa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Tanzania Bara, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Apingaye makadirio ya kodi hiyo ana siku 30 za kuleta pingamizi, na hutakiwa kwanza kulipa theluthi ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi asichokipinga, kile kilicho kikubwa. Akikataliwa, huenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza, kisha Mahakama ya Rufani. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yana kosa umo mabegani mwake.

Tutoe mfano. Mfanyabiashara, kwa hofu ya siku kumwishia, aliandika sababu moja tu ya rufani: kwamba kodi ni kubwa mno. Baadaye wakili akaviangalia vitabu vyake, akaona sehemu ya mali ile iliuzwa nchi za nje, ambayo kwa sheria hutozwa asilimia sifuri. Hoja hiyo ndiyo roho ya kesi, lakini haimo katika karatasi ya rufani. Je, afungiwe mlango?

Sisi twasema, hapana. Kanuni ya 111 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 yairuhusu Mahakama kukubali marekebisho ya sababu za rufani wakati wowote, kwa masharti iyaonayo kuwa yafaa. Hekima hiyo twaitaka itawale tangu Bodini, kwani rufani ya kodi ifikapo Mahakama ya Rufani husikilizwa kwa hoja za sheria peke yake. Ushahidi usioletwa chini hauna pa kusemewa juu.

Hatusemi kila mtu abadili hoja apendavyo. Mtoza kodi naye ana haki ya kujua ajibu nini, asishtukizwe siku ya kusikilizwa. Lakini akipewa muda wa kujibu, na gharama zake zikalipwa, amedhulumiwa nini?

Nanyi wafanyabiashara, twawausia: mwonyesheni mjuzi vitabu vyenu kabla siku hazijaisha, na mkigundua hoja iliyosahauliwa, ombeni ruhusa mara moja, msingoje hukumu. Kodi ya haki tutailipa. Kodi ya kosa la kalamu hatuitambui.