Kifafa Kikinyamaza, Usitupe Vidonge

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilifanya ujinga ambao sitaki mwingine aurudie. Nilikuwa nimekaa miezi minane bila kuanguka, nikajiambia, "Si nishapona?" Vidonge nikavificha chini ya godoro. Nilikuwa nimechoka kumeza asubuhi na jioni huku wasee wa hosteli wakiniuliza ni vya nini. Siku ya nne nilianguka kwenye ngazi. Nilizinduka hospitalini, mathe ameketi kando yangu, mitihani ishanipita. Karo ya kurudia mwaka haikupatikana. Chuo kikaishia hapo.

Nadhani ningejua dawa ile inafanya nini kichwani, nisingeiacha. Lakini wengi wetu hupewa bahasha imeandikwa "mara mbili kwa siku", basi.

Sasa sikiza. Seli za ubongo huongea kwa umeme. Kila seli ina vilango vidogo. Vikifunguka, sodiamu huingia na seli hufyatua ujumbe. Kwa kawaida seli hupokezana. Kifafa kikipanda, kundi zima hufyatua kwa pamoja, kama matatu zote za steji kupiga honi mara moja. Mwili hausikii amri yoyote.

Kabamazepini na fenitoini hushikilia vilango hivyo visifunguke tena mbiombio. Fenobabitali, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka wa 1912, hupitia njia nyingine: huipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo wenyewe inayoziambia seli zitulie.

Umeona? Hakuna hata moja inayong'oa kifafa. Hizi ni breki, na breki hushika ukiwa umeikanyaga. Kidonge cha asubuhi huisha mwilini polepole, ndiyo maana saa ya dozi si mapambo. Ukiacha ghafla, kifafa kinaweza kurudi mfululizo bila kukoma, na hali hiyo huua.

Sisemi kila mtu atameza hadi uzeeni. Wapo wanaokaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka, kisha wakapunguziwa dawa kidogo kidogo, daktari akiwaangalia. Zikikuletea usingizi darasani, ama unapanga kupata mtoto, mwambie daktari. Dawa hubadilishwa. Usijiamulie peke yako kama mimi.

Na wewe rafiki yake, acha kumuuliza, "Bado unameza hizo vitu?" Muulize, "Leo umemeza?"