Mwomba Kazi si Ombaomba



Ziko dhuluma zinazojadiliwa hadharani: mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, bei ya mawese. Ziko nyingine zinazotendeka ndani ya chumba kilichofungwa, na aliyedhulumiwa hutoka humo akijilaumu mwenyewe. Usaili wa kazi waweza kuwa chumba cha namna hiyo. Toleo hili linazungumzia hasa vijana waliosomea uhandisi wa programu za kompyuta, kwa kuwa wanaongezeka katika familia zetu, na wazazi wengi hawajui watoto wao wanakutana na nini.

Elimu hiyo imepatikana kwa jasho la wengi. Kwa familia za Kibirizi, Ujiji au Kasulu, ada ya chuo hutoka katika dagaa na mawese, ikiongezewa mkopo wa serikali ambao lazima ulipwe. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei hadi Agosti 2024, nauli ya kwenda kwenye usaili ilikuwa mzigo mzito zaidi katika nyumba za wavuvi. Kutoka Kigoma hadi Dodoma kwa reli ni takriban kilomita 800, na safari hiyo mwombaji hujigharimia mwenyewe.

Tukiri kwanza kwamba nafasi ni chache. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita waombaji zaidi ya 10,000 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipokea maombi zaidi ya 130,000 kwa nafasi 1,596. Hakuna msaili awezaye kumpa kila mtu kazi. Lakini uhaba hauiondoi haki; ndio unaoifanya iwe ya lazima zaidi.

Je, vijana hawa husailiwaje? Serikalini huanza na mchujo wa maandishi, mara nyingi hufuata jaribio la vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Katika makampuni, mwombaji aweza kupewa fumbo la kutatua kwa kuandika programu ndani ya muda mfupi, wasaili wakimtazama kwa njia ya intaneti. Umeme ukikatika Ujiji, aonekanaye ameshindwa ni yeye. Pengine hupewa kazi ya siku kadhaa akaifanyie nyumbani bila malipo. Baada ya hapo husubiri, na wengi hawapati jibu lolote, hata la kukataliwa.

Mwajiri anayo haki ya kumpima fundi. Hata mwenye kutaka mtumbwi hutazama kwanza jinsi seremala anavyoranda ubao. Lakini hamwagizi aunde mtumbwi mzima bure kwa jina la majaribio, kisha akausukuma majini kwenda kuvua. Jaribio liwe fupi, lihusiane na kazi yenyewe, na kama matunda yake yatatumika, yalipiwe.

Kwetu mpakani kuna jambo la ziada. Tovuti ya ajira za serikali humtaka mwombaji namba ya kitambulisho cha taifa, na kwa wakazi wa Kigoma uhakiki wa uraia umekuwa ukichukua muda mrefu. Serikali ina wajibu wa kulinda mpaka. Lakini Mtanzania asiyepata namba yake kwa wakati amefungiwa mlango kabla ya swali la kwanza. Naye atakayepimwa kwa lafudhi yake ya Kiha badala ya ujuzi wake ajue kwamba sheria iko upande wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu atokapo, dini, jinsia, ujauzito na ulemavu, na kinga hiyo humhusu hata yule ambaye bado anaomba kazi.

Aidha, wapo wanaowashauri vijana kwamba penye udhia penyeza rupia. Ushauri huo ni sumu. Rushwa humnyang'anya nafasi mtoto wa jirani asiyekuwa na cha kupenyeza. Na kwa binti zetu iko rushwa mbaya zaidi: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira. Binti akilisema jambo hilo nyumbani, asinyamazishwe kwa hofu ya aibu. Aibu ni ya aliyedai.

Katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, Papa Yohane Paulo II aliwataja kwa uchungu vijana waliokwisha kujiandaa kwa masomo na ufundi kisha wakakosa ajira. Alieleza pia kwamba nyuma ya mwajiri tunayemwona kuna watu na taasisi nyingi zinazopanga masharti ya kazi, nazo zinabeba wajibu.

Hivyo basi, kabla ya kunyooshea kidole ofisi za Dodoma, tujitazame. Sisi nasi ni waajiri: parokia, shule, zahanati, vyama vya akiba na mikopo. Je, nafasi zetu hutangazwa, au hunong'onwa? Je, aliyekosa hujulishwa? Usaili wa walimu wa mapema mwaka 2025 ulipelekwa mikoani, na hilo limeonyesha kwamba msaili anaweza kumfuata msailiwa. Tuombe utaratibu huo uenee kwa kada nyingine.

Tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zichangie nauli ya kijana aliyeitwa, kama tunavyochangia msiba na harusi. Penye umeme na intaneti ya uhakika parokiani, afunguliwe chumba siku ya usaili wake. Na kila kiongozi mwenye nafasi ya kuajiri awaandikie wote waliokosa, ijapokuwa mistari miwili. Aliyesafiri siku mbili ili aulizwe maswali anastahili kupewa jibu.