Ngojeni Tunda Kwanza

Ndugu mkulima, kila mvua zikiisha na vichaka vya pembeni mwa shamba vikishika majani, huja mtu ofisini kwetu akiwa na jani mfukoni. Hulitoa likiwa limenyauka na kukunjika kama noti kuukuu, huliweka mezani pangu na kuuliza, "Karani, hili ni jani la nini? Ning'oe au niache?" Mimi si Bwana Shamba. Lakini kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi hii, na kwa kuwa Bwana Shamba mara nyingi yuko safarini vijijini, watu hudhani najua. Leo nataka kusema wazi kwamba jani moja halitoshi, kwangu wala kwa Bwana Shamba, na ya kuwa sisi wa ofisini twakosa tunapolipokea na kulitolea hukumu.

Kosa hilo nalijua kwa sababu nimelifanya. Kijana mmoja aliyerithi shamba la baba yake aliniletea jani la mmea utambaao uliofunika uzio wake wote. Nikalitazama, nikasema ni ule mmea wa harufu mbaya, hauna faida, aung'oe. Naye ni mtu wa bidii. Aling'oa pande mbili za shamba, mizizi na yote. Baada ya majuma matatu akaja mama yake, akaweka mbele yangu tunda jekundu, laini, refu kama kidole cha gumba. Lilikuwa limetoka kwenye shina moja lililosalia juu ya mti. "Mwanangu," akasema, "ni wewe uliyesema mboga yangu ni gugu?" Machipukizi ya mmea ule ndiyo aliyokuwa akiyachuma wakati wa kiangazi, sukuma wiki ikishakauka, maana mmea ule una mzizi mnene unaohifadhi maji na huchipuka upya mwaka hata mwaka. Niliomba radhi, lakini radhi haipikwi.

Sasa tujiulize, kwa nini majani hutudanganya? Mimea hii ni ya jamii moja na maboga, matango na matikiti. Yote hutambaa, yote ina vile vijiuzi vya kujishikizia kwenye miti, na majani yake mengi yana umbo la moyo au la kiganja. Tena mmea mmoja huweza kuwa na majani ya namna mbili, yaliyo mazima na yaliyogawanyika. Tunda halibadiliki hivyo.

Chukua ule mmea wa yule mama, ambao wataalamu huuita Coccinia grandis. Maua yake ni meupe. Tunda likiwa changa ni la kijani lenye michirizi meupe, na likiiva huwa jekundu. Ngozi yake ni laini kabisa, haina mwiba wala kipele, na halipasuki lenyewe. Wenzetu wenye asili ya Kihindi hununua matunda machanga ya mmea huu sokoni na kuyapika.

Mmea wa harufu mbaya, ule niliomsingizia mama wa watu, huitwa Momordica foetida, nao hupatikana sana nyanda za juu. Tunda lake ni la rangi ya chungwa na limejaa miiba laini isiyochoma. Likiiva hupasuka vipande vitatu vinavyojikunja nyuma, na ndani utaona mbegu zimefunikwa kwa nyama nyekundu sana. Aliyeliona mara moja halisahau. Ndugu yake ni karela ya mwituni, Momordica charantia. Nayo hupasuka vivyo hivyo, lakini ngozi yake ina vipele na mabonde badala ya miiba, na jani lake limekatika sana.

Usichanganye miiba hiyo na ya matango ya porini yaliyo mengi sehemu zetu kavu. Lipo moja lililofunikwa na nywele ngumu kama mgongo wa nungunungu, likiiva ni la manjano. Hilo halipasuki na kuonyesha wekundu. Ukilikata, ndani ni kama tango lolote, mbegu ni nyeupe-nyeupe. Kisha ipo midogo yenye matunda mekundu kiasi cha njegere. Ikiwa matunda yana vikonyo na maua yalikuwa meupe, hiyo ni Zehneria. Ikiwa yamegandamana na shina karibu bila kikonyo, maua yalikuwa ya manjano, na shina lakwaruza mkono, hiyo ni nyingine.

Wapo watakaosema, "Karani, nikingoja tunda, gugu litakuwa limekwisha kumwaga mbegu." Neno hilo lina haki. Ndege hupenda matunda haya mekundu na huyatawanya mbali. Lakini sikuambii uache uzio mzima. Acha shina moja, na tunda likiwa bado changa lichume, likate kwa kisu, utaona kama ni laini au la miiba. Na jambo jingine ambalo wengi hawalijui: katika baadhi ya mimea hii, na huo wa yule mama ni mmoja wao, shina moja ni dume na jingine ni jike. Dume hutoa maua tu. Usingojee tunda kwake hata miaka kumi, nenda ukatafute jike lililo karibu.

Nitie neno kidogo hapa. Mmea huu tunaouona wa kawaida ulipofika visiwa vya Hawaii uligeuka balaa, ukafunika miti na nyaya. Watu wa huko wakaja hadi Kenya kutafuta wadudu wanaoula, na mwaka 1996 wakaachilia nondo ambaye funza wake hutoboa mashina. Huku kwetu wadudu hao wamekuwa wakitufanyia kazi bila mshahara wala shukrani.

Kwa mkulima wa matikiti, matango au karela, kujua matunda haya ni fedha. Nzi wa matikiti hutaga mayai ndani ya matunda ya mwituni ya jamii hii, hasa Momordica na Coccinia, kisha huhamia shambani. Ukinyunyiza dawa katikati ya shamba na uzio umejaa matunda yenye funza, unajaza maji katika pakacha. Kwa mtu huyo nasema chuma yale matunda ya uzioni kabla hayajaanguka, uyafukie kina cha futi mbili. Asiyelima mboga hizo hana haja ya kumaliza nguvu zake hivyo.

Pana jambo moja ambalo hata tunda halikuambii kwa macho, nalo ni uchungu. Mumunye mtamu na mumunye wenye sumu huweza kufanana kama pacha, hasa lile lililojiotea lenyewe jalalani. Kata kipande kidogo kibichi, gusa kwa ulimi, uteme. Likiwa chungu litupe lote. Kupika hakuondoi sumu ile, na humtapisha mtu na kumharisha vibaya. Watoto wasiachiwe kujaribu.

Wataalamu wenyewe hawadharau tunda. Hifadhi kubwa ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki, iliyo kwenye Makumbusho ya Taifa Nairobi, hutaka tawi lenye majani, maua na tunda. Basi nawe ukija kwetu, leta urefu wa mkono wa shina lenye majani matatu au manne, ua kama lipo, tunda moja zima na moja lililokatwa. Andika umelitoa wapi, uzioni au mtoni, na jina lake kwa lugha ya nyumbani. Waulize akina mama kwanza, maana mara nyingi wao wanalo jibu kabla hujapanda matatu. Shina na majani vifunge kwa gazeti. Tunda lililoiva litie ndani ya kopo, kwani huchafua kila kitu.