TAARIFA YA TAWI: KITABU KWANZA TUKISOME



Februari 2023 Waziri wa Elimu, Prof. Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, vikiwemo vya Diary of a Wimpy Kid, kwa kukiuka mila na maadili yetu. Tawi linaunga mkono ukaguzi. Lakini hesabu hazifungwi bila kuona stakabadhi, na kitabu hakihukumiwi kwa jalada wala kwa ujumbe wa kusambazwa. Tukimnyang'anya mtoto kila kitabu cha hadithi, atabaki na simu, nayo haikaguliwi na yeyote. Mzazi, soma naye. Ukiona ubaya, mpelekee mwalimu mkuu, ukurasa ukiwa mkononi.

Katibu wa Tawi,
Kisesa